Siku 30 za rufaa zinatuponza wanahisa wadogo

Mhariri,

Sisi wanahisa watatu wa kampuni ndogo ya usafirishaji tulishindwa kesi dhidi ya wakurugenzi Mahakama Kuu, tukaamua kukata rufaa. Notisi, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufaa, iliingia ndani ya siku 30, kama Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinavyotaka. Baada ya hapo una siku 60 za kuwasilisha rufaa yenyewe, na mara nyingi nakala za mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani) hazijawa tayari.

Kanuni ya 90 inasamehe siku za kusubiri nakala, ila uwe umeziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mjibu rufaa, yaani upande wa pili, umpelekee nakala ya barua hiyo. Barua yetu ilikuwa na muhuri wa masjala, wino wa zambarau umekolea kabisa. Upande wa pili hawakupelekewa. Basi, tumechelewa!

Kuomba kuongezewa muda kunaruhusiwa, lakini utaeleza kila siku uliyochelewa, moja moja. Naomba hukumu inaposomwa, mdaawa (mhusika wa kesi) asiye na wakili apewe karatasi moja tu yenye tarehe hizo za mwisho.

Mwanahisa,
Dar es Salaam