Barua ya wazi kwa wanaoingia kidato cha tano sayansi

Mbukwenyi, wajukuu zangu.

Nawaandikia ninyi mliopangiwa PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, baiolojia), CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati), mtakaoripoti Julai na matranka yenu. Nimefundisha fizikia hapa Dodoma hadi nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie.

Siku hizi tahasusi, yaani michepuo ya masomo kama hiyo, zimefika 65 kutoka 16 za zamani, lakini mtaani ukisema tu PCB unaitwa daktari kabla hujafungua daftari. Sifa hizo zipokeeni, kisha mziweke pembeni. Muhula wa kwanza alama zitashuka. Aliyezoea A ya kemia atakutana na D, na wiki ya tatu ataanza kuulizia HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Asihame kwa ajili ya hofu hiyo. Na ninyi wa PCB mnaoidharau BAM, ile hisabati ya ziada, eti haiingii kwenye pointi za divisheni, mtakuja kuitafuta siku mtakapotakiwa kukokotoa kiasi cha dawa kwa uzito wa mtoto.

Lakini kubwa nililonalo ni maabara.

Chemsheni maji hapa mjini, mtumbukize kipimajoto. Kitasimama kwenye nyuzi 96 hivi. Nimesahihisha madaftari mengi mno yaliyoandikwa 100, kisa kitabu kimesema 100. Kitabu hakikukosea, kinazungumzia usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu yake, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka mapema. Anayeandika 96 halafu akauliza imekuwaje, huyo ameanza fizikia. Anayeandika 100 anakopi huku kipimajoto kikimsuta.

Taitresheni, kule kupima ni asidi kiasi gani inamaliza besi, nayo ni hivyo hivyo. Suuza byureti, ule mrija wenye vipimo, kwa asidi ileile utakayoitia, maji peke yake hayatoshi. Soma jicho likiwa usawa wa kimiminika, chini kabisa ya mbonyeo. Ukikaribia mwisho dondosha tone moja moja. Methili oranji, kile kiashiria cha rangi, ikishakuwa nyekundu umepitiliza, rudia. Wala usichungulie kwa jirani ili majibu yenu yafanane. Najua ziko shule ambako byureti moja inazungukwa na kundi zima. Hapo pangeni zamu, na ninyi mabinti msikubali kila siku kuwa makarani wa kuandika namba huku wavulana wameshika vifaa. Hili limenikera miaka yote.

Kwa nini nalishikilia hivi? Kongwa si mbali. Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta pale walime karanga, kabla ya kupima vya kutosha udongo wala mvua. Kiangazi udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua nazo zikawaangusha, na 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wasomi walikuwepo. Kilichokosekana ni vipimo vya pale pale.

Kazi za kupima ndizo zimejaa mkoani kwetu, ingawa nyumbani mtasikia udaktari tu. Makutupora kuna watafiti wa zabibu, na visima vya huko ndivyo vinavyonywesha mji. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao makuu yake hapa Dodoma. Kwa hiyo wa PGM na CBG msijione makombo.

Kabla ya kuripoti, pitieni logarithimu, namba za kisayansi na mteremko wa grafu. Tuisheni ya mada za kidato cha tano inaweza kusubiri. Hayo matatu hayasubiri, maana mwalimu atayatumia siku ya kwanza bila kuyaeleza.

Desemba mkirudi likizo, nileteeni madaftari ya maabara, ripoti za shule wapeni wazazi. Nitaanza na yale yenye namba zilizokatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya pembeni.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Dodoma