Shoga, hogo la Shafii liacheni

Somoe shoga yangu,

Habari za Lindi, wazee hawajambo? Sie huku Mtwara tupo, joto tu ndo linatumaliza. Pole sana kwa Shafii kuvunjika mkono, yaani msimu wa mabibo kila mwaka lazima mtoto wa mtu adondoke mkoroshoni. Voisi zako nimezisikiliza zote mpaka ile ya mama mkwe anasema hogo (ile plasta ngumu ya mkononi) likatwe, mtoto akandwe na maji ya moto na mkono uvutwe, eti hospitali wamempaka chokaa tu dawa hawajampa. Nakuandikia manake kwenye simu tungeishia kucheka.

Mama mkwe kuna sehemu kapatia bwana. Hogo sio dawa kweli, linashikilia tu mkono usicheze, unaounga ni mfupa wenyewe, na mfupa uko hai, una mishipa ya damu, una neva (ndo maana alilia vile), una seli zinafanya kazi usiku na mchana. Siku ukinunua mfupa wa ng'ombe bucha angalia pale msumeno ulipopita, nje kuna ukuta mgumu umeshikana, kwenye vichwa vya mfupa ndani kuna vitundutundu, katikati uboho. Kwenye uboho mwekundu ndo damu inakotengenezwa.

Wanafunzi wangu huwa nawawekea mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa, ukiutoa unapinda tu hauvunjiki, siki imeshakula madini ya kalsiamu na fosfeti zimebaki nyuzi za protini, kolajeni. Mwingine tunauchoma sana motoni, huo nyuzi zimeungua yamebaki madini, ukiubinya unasagika. Ni kama nyumba ya fito na udongo, fito peke yake zinayumba, udongo peke yake unabomoka. Mfupa wa mtoto udongo bado haujajaa sawasawa, ndo maana wa Shafii wamekwambia umepasuka upande mmoja na upande wa pili umepinda tu.

Sasa pale ulipopasuka damu ilivuja ikaganda, kazi inaanzia hapo. Seli zinaingia, zinaweka nyuzi na gegedu laini (kama lile la sikioni) la kushika pande mbili, af zinakuja seli za kujenga, osteoblasti, zinaweka mfupa mpya. Baadae kwenye eksirei utaona kinundu, usishtuke, kuna seli nyingine zinaitwa osteoklasti kazi yao kula mfupa, zitakichonga taratibu miezi na miezi. Mimi kinachonifurahisha ni hiki, baadhi ya hizo seli za kujenga zinajifungia ndani ya mfupa zilioujenga na hazifi, zinakaa humo miaka, zinawasiliana kwa vijinjia vyembamba mno, zikihisi mzigo mfupa unaongezwa, zisipouhisi unapunguzwa. Wanaanga wanapungukiwa mfupa huko juu kwa sababu hiyo hiyo. Hata yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru hapo kwenu, ambaye Wajerumani walimchimba 1909 mpaka 1913 wakampeleka Berlin, ukikata kipande chembamba cha mfupa wake ukaangalia kwa darubini vitundu vya seli na vya mishipa ya damu unaviona, na hiyo ni miaka kama milioni 150. (Kumrudisha nyumbani ni mjadala wa siku nyingine.)

Kwa hiyo mtu akiuvuta mkono sasa hivi anachana lile gegedu, kazi inaanza upya. Af kuna baya zaidi. Mtoto akiwa tumboni mifupa yake mingi inaanza ni gegedu tupu, mfupa unachukua nafasi yake kidogo kidogo, mifupa ya juu ya fuvu ndo inajengwa bila kupitia gegedu, si unakumbuka utosi wa Shafii ulivyokuwa unadunda, hapo ilikuwa bado haijakutana. Anazaliwa na vipande karibu 300, vinaungana mpaka ukubwani vinabaki 206. Lakini karibu na kifundo cha mkono pamebaki kipande cha gegedu, hicho ndo kinarefusha mfupa mpaka ujanani. Huyo anayeuvuta mkono akikiharibu, mkono unaweza ukabaki mfupi au ukaota umepinda, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Chakula usihangaike, dagaa ale na miiba yake, mbogamboga, maziwa ukipata, na acheze juani kidogo, vitamini D inatengenezwa kwenye ngozi. Supu ya mifupa mpe kwa utamu wake tu, kalsiamu inayotoka kwenye yale maji ni kidogo mno.

Ila vidole vikivimba sana, vikawa vya baridi au vikabadilika rangi, au akasema ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usisubiri kuche, hospitali usiku huo huo. Hogo lisilowe, na hicho kijiti anachojikunia ndani mnyang'anye. Kwa umri wake mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6, wao ndo watasema lini litolewe.

Nitumie hiyo eksirei wasapu, iegemeze dirishani mchana ndo uipige picha. Na mama mkwe nipe namba yake, niongee nae mwenyewe.

Shoga'ko,
Zai