Barua ya wazi kwa Mratibu wa Mtandao wa chama chetu cha redio ya ridhaa

Ndugu Mratibu,

Kwa heshima zote: nimekuandikia faraghani mara nyingi na hujanijibu, kwa hiyo leo naandika mbele ya wanachama wote. Naomba uniunganishe na seva ya chama kwa WireGuard badala ya IPIP ya sasa.

Jumamosi mvua ilikata umeme hapa Tanga. Uliporudi, kampuni ya simu ikaipa ruta yangu anwani inayotumiwa na wateja wengi badala ya ile ya umma, na handaki la IPIP, yaani njia inayopitisha pakiti zetu kwenye intaneti hadi seva ya chama, likafa. Ripita, mtambo unaopokea na kurusha tena ujumbe wetu, ilikuwa hewani, betri imejaa, lakini wenzetu wa Dar es Salaam hawakusikia neno. Nilikesha nikitazama pakiti zikitoka, hairudi hata moja.

IPIP haina namba za poti, zinazosaidia kutofautisha mawasiliano ya wateja. Pakiti ikifika kwenye anwani ya pamoja, mitambo ya kampuni haijui impelekee nani. Nadhani ndiyo maana hata kituo cha Lindi hupotea kila mara. WireGuard, handaki linalosimba ujumbe, husafiri kwa UDP, itifaki yenye poti, na huanza mazungumzo kutoka ndani. Ukiiwekea ishara ya kila sekunde 25, njia haifungwi. Anwani ikibadilika, seva huitambua mpya yenyewe.

Kwenye mkutano mkuu ulisema usimbaji, yaani kufunga ujumbe kwa siri kama WireGuard inavyofanya, umekatazwa. Kanuni za Redio za ITU (Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano), kifungu cha 25, zinakataza kuficha maana ya tunayowarushia wenzetu wa nchi nyingine hewani. Handaki linapita kwenye intaneti. Ujumbe hufunguliwa kwenye ruta kabla haujaigusa redio, ukatoka kwenye antena ukiwa wazi, na 5H yetu, kianzio cha alama za wito za Tanzania, mbele. Tena IPIP haimuulizi mtu kitambulisho. Mwenye nia mbaya anaweza kughushi pakiti, ikarushwa kwa leseni yangu mimi! Hilo hulioni?

Ukasema WireGuard ni nzito. Inaongeza baiti 60 kwa kila pakiti pale IPIP inapoongeza 20, na zote zinaishia kwenye intaneti. Redio zetu, zinazotuma pakiti kwa itifaki ya AX.25, hazibebi hata moja.

Uliahidi majaribio kabla ya masika. Masika ndiyo haya. Siombi kamati wala waraka mwingine. Kompyuta ndogo nimenunua kwa fedha zangu, funguo ziko tayari. Fungua poti moja ya UDP kwenye seva ya chama, uniunganishe kwa WireGuard, na IPIP iendelee pembeni kwa wanaoitaka. Poti moja, Ndugu Mratibu. Wiki hii, kabla umeme haujakatika tena.

Mwanachama wako,
Tanga