Shukrani kwa mzee aliyetusaidia Kizota

Mzee wangu uliyesimama gerejini Kizota, Dodoma, tukifunga hedi ya lori (kifuniko cha juu cha injini), shikamoo na asante sana. Ulichomeka waya mwembamba kwenye tundu la bolti, waya ukazama hadi kwenye njia za maji ya kupoza injini. Bolti ya hapo, ukatueleza, maji huipanda kupitia hesi (mikato yake ya kuzungushia) mpaka yavuje chini ya kichwa chake, hata gasketi ya kuziba chini ya hedi ikiwa mpya. Ukasugua hesi kwa brashi ya waya, ukazipaka silanti, dawa ya kuziba uvujaji, zote kuzunguka. Matundu yasiyotoboka ukataka yakaushwe kabisa, maana maji au oili ikibanwa humo na bolti yaweza kupasua bloku, yaani mwili wa injini. Hilo wengi hawalijui! Lori limeshapeleka mzigo Kondoa na rejeta haijapungua maji. Hukukubali hata soda. Mungu akuzidishie, mzee wangu.