Taarifa ya Mwaka 2017 ya Mwenyekiti: Kuuzwa kwa Boosey & Hawkes

Ndugu wanachama,

Suala lililoishughulisha zaidi Kamati Tendaji mwaka huu ni kuuzwa kwa Imagem, kampuni mama ya mchapishaji wa nota Boosey & Hawkes, kwa kampuni ya Concord ya Marekani mwezi Juni. Boosey & Hawkes, aliyezaliwa London mwaka 1930 kwa muungano wa kampuni mbili, alinunuliwa na wawekezaji wa HgCapital mwaka 2003, na mwaka 2008 akaingia mikononi mwa Imagem, iliyokuwa na fedha za ABP, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa Uholanzi.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini biashara ya wenye mitaji itusumbue sisi wapigaji wa ala za okestra. Inatusumbua kwa sababu nota za okestra za kazi zenye hakimiliki aghalabu haziuzwi, bali hukodishwa na kurudishwa baada ya onyesho, hivyo mwenye ghala la nota ndiye mwenye kauli juu ya bei, juu ya lini seti itufikie, na juu ya makosa ya chapa kusahihishwa au kuachwa yalivyo. Kazi ya wahariri ni ya gharama na haionekani kwa msikilizaji. Ndiyo ninayoihofia zaidi mmiliki mpya anapotafuta pa kubana matumizi.

Lipo pia suala la muda. Barani Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Miongoni mwa watunzi wa Boosey & Hawkes, kazi za Bartók, aliyefariki mwaka 1945, ziko huru tangu Januari 2016, na za Richard Strauss zitafuata mwaka 2020, ingawa za Stravinsky zitalindwa hadi mwisho wa 2041. Mirabaha ya majina kama hayo ndiyo iliyomwezesha mchapishaji kumvumilia mtunzi kijana kwa miaka mingi kabla kazi zake hazijalipa.

Mfano wa Ricordi, mchapishaji wa nota wa Italia, unatutia moyo: kampuni ya Universal ilipochukua uchapishaji huo kutoka kampuni ya Bertelsmann mwaka 2007, hifadhi ya miswada ya watunzi wa opera Verdi na Puccini haikuuzwa pamoja nao, na ingali Milan.

Kamati imeazimia kumwomba mmiliki mpya ahadi ya maandishi kuhusu ghala la nota, wahariri na watunzi wapya. Tafadhali mpelekeeni Katibu maelezo ya matatizo yenu ya ukodishaji kabla ya Mkutano Mkuu, ili barua yetu iwe na ushahidi.

Mwenyekiti