Watoto wa miaka mitano wasikaririshwe majibu ya usaili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wazazi ambao wakati huu wanajaza fomu za kuwaombea watoto wao nafasi katika shule za msingi za kimataifa za hapa Dar es Salaam, na kupitia kwao niwafikie pia wakuu wa shule hizo. Nimefundisha madarasa ya awali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kwa muda mrefu nilikuwa miongoni mwa walimu wanaokaa na mtoto chumbani siku ya usaili huku wazazi wake wakisubiri ofisini. Ninayoyaona sasa yananitia uchungu. Twisheni ya kuwaandaa watoto wa miaka minne na mitano kwa usaili imekuwa biashara, matangazo yake yanasambazwa katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, na watoto wanafikishwa mbele ya mwalimu wakiwa wamekaririshwa majibu ya maswali ambayo pengine hawataulizwa kabisa.

Wazazi wengi hawajui kinachofanyika ndani ya chumba kile, na kutojua huko ndiko kunakowapeleka kwa wauza majibu. Taratibu hutofautiana baina ya shule na shule, lakini katika zile zinazofuata mtaala wa Uingereza, au mtaala wa msingi wa International Baccalaureate ulioanzishwa mwaka 1997 kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, mambo hayapishani sana. Mtoto huingia peke yake au pamoja na wenzake wachache. Hukuta vibao vya kujengea, vipande vya picha vya kuunganisha, kalamu za rangi na karatasi. Mwalimu humwomba achore mtu, humsomea hadithi fupi na kumuuliza alichokipenda, humpa agizo lenye hatua mbili, kama vile kuchukua kitabu chekundu na kukiweka juu ya kiti, kisha humtazama anavyosubiri zamu yake, anavyoomba msaada na anavyofanya mnara wake unapoanguka. Anaweza pia kuulizwa rangi, kuhesabishwa vitu vichache na kuombwa aonyeshe herufi za jina lake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya anayoyaandika mwalimu katika karatasi yake haihusu majibu sahihi. Huandika iwapo mtoto aliweza kuachana na mama yake na kutulia baada ya muda, iwapo alimtazama anayesema naye, iwapo alianzisha jambo mwenyewe bila kusukumwa, na iwapo alielewa alichoambiwa.

Mtoto aliyekaririshwa hujulikana mapema. Huulizwa anapenda kucheza nini, naye akataja jina lake, umri wake na kazi ya baba yake kwa mfululizo mmoja, kwa kuwa ndivyo alivyozoeshwa kuanza. Swali likitoka nje ya yale aliyofundishwa, hunyamaza na kutazama mlangoni. Nimewaona watoto waliokuwa wakiongea vizuri na wenzao barazani walipokuwa wakisubiri kuitwa, kwa Kiswahili kilichojaa ubishi na maelezo, kisha wakaingia ndani na kupotewa na maneno yote kwa hofu ya kukosea Kiingereza. Mwalimu ambaye hakupita barazani ataandika kwamba mtoto huyo ana upungufu wa lugha, na mzazi atakuwa amelipa fedha ili mwanawe aonekane hana kile ambacho amejaliwa kwa wingi.

Suala la lugha nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndilo linalowatisha wazazi kuliko mengine yote. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alieleza tangu mwaka 1979 kwamba uwezo ambao mtoto anaujenga katika lugha ya nyumbani, yaani kupanga mawazo, kusimulia, kulinganisha na kutoa sababu, humsaidia pia katika lugha ya pili anapoanza kuifundishwa vizuri. Katika kazi zake zilizofuata alionyesha kwamba mtoto anayesoma kwa lugha ngeni huchukua takribani miaka 2 kuzungumza na wenzake kwa wepesi, na kati ya miaka 5 na 7 kuwafikia wenzake hao katika lugha ya masomo. Nawaomba wazazi waziweke tarakimu hizi kando ya twisheni ya wiki chache wanayouziwa, kisha wapime wenyewe. Walimu wa shule za kimataifa wanalijua jambo hili. Shule nyingi kati ya hizo zina walimu maalumu wa kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zimezoea kuwapokea watoto wa wanadiplomasia na wa wafanyakazi wa mashirika wanaofika nchini wakizungumza Kifaransa, Kireno, Kiarabu au Kichina bila kujua Kiingereza hata kidogo. Sioni kwa nini mtoto wa Kitanzania ndiye adaiwe Kiingereza kilichonyooka kabla hajafundishwa.

Kinachoniumiza zaidi ni familia zinazopiga marufuku Kiswahili nyumbani mpaka usaili upite. Bibi aliyekuja kuwatembelea kutoka Tanga au Songea huambiwa asimsimulie mjukuu wake hadithi. Dada wa kazi, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto kutwa nzima, huagizwa atumie maneno machache ya Kiingereza anayoyajua, na kwa hiyo mtoto hubaki akisikia amri za kuja, kukaa, kula na kulala, wakati umri wake ni ule ambao anapaswa kuuliza kwa nini mvua haina rangi na kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Maswali ya namna hiyo yakikosa mtu wa kuyajibu, hupungua. Mzazi anayekifahamu Kiingereza vizuri na kukipenda akizungumze na mwanawe bila wasiwasi, lakini asiyekifahamu atamnufaisha mtoto wake zaidi kwa Kiswahili kamili, au kwa Kinyakyusa, Kihaya au Kichaga kamili, kuliko kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Maandalizi yapo, tena ni mengi, ila hayauzwi. Mzazi amsimulie mtoto hadithi ya sungura na fisi, aikatishe katikati na kumuuliza anadhani nini kitafuata, kisha amsikilize mpaka amalize, hata kama jibu ni refu na linazunguka. Wategeane vitendawili. Wakiwa kwenye daladala au sokoni, wazungumze juu ya wanachokiona, nani anauza nini, kipi ni kizito zaidi, vitunguu vingapi vimebaki kwenye fungu. Mtoto apewe mchele achambue, na unga wa chapati aufinyange, kwa sababu vidole vinavyofanya kazi hizo hupata nguvu na ulaini wa kushika kalamu bila maumivu. Acheze na watoto wa jirani. Katika kombolela na rede hujifunza kusubiri zamu, kushindwa bila kugombana na kufuata kanuni walizokubaliana, mambo ambayo mtoto anayeshinda peke yake na katuni hawezi kuyapata. Azoeshwe kuvaa viatu vyake, kwenda msalani mwenyewe na kunawa. Aachwe mara kwa mara kwa shangazi au kwa jirani anayeaminika kwa saa chache, aagwe waziwazi bila kutorokwa, ili ajue kwamba mzazi akiondoka hurudi. Kwa upande wa Kiingereza, inatosha kwanza aweze kusema kwamba anataka maji, anataka kwenda msalani, anaomba kusaidiwa na hajaelewa. Nyimbo chache za watoto zitamsaidia kuzoea sauti za lugha hiyo.

Usingizi nao hausemwi vya kutosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 na 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wake wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1. Mtoto anayekaa Mbagala, Kibaha au Bunju ambaye usaili wake umepangwa saa mbili asubuhi huko Masaki au Upanga huamshwa usiku wa manane ili wazazi wakwepe foleni, hufika akiwa amelala begani, na hapo ndipo anapotakiwa achore na kusimulia. Mzazi anayo haki ya kuiomba shule saa ya baadaye, na shule zenye busara hukubali.

Kabla ya yote hayo, mtoto apimwe masikio na macho. Mafua ya mara kwa mara huweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto akawa anasikia kama aliyezibwa masikio kwa pamba, ingawa nyumbani amezoea kubahatisha kwa kutazama nyuso. Katika chumba kigeni, akizungumziwa na mtu mgeni kwa lugha ngeni, kubahatisha huko hakumfai kitu, naye huonekana mkaidi au mzito wa kuelewa. Nawasihi pia wazazi wasifiche jambo lolote kwenye fomu. Mtoto aliyechelewa kusema, anayepata kigugumizi au anayehitaji uangalizi wa pekee akisajiliwa kwa maelezo yasiyo ya kweli, shule haitamwandalia mwalimu wala msaada, na miezi ya kwanza ya masomo yake itakuwa ya mateso.

Hofu nyingine hutokana na kuchanganya mifumo miwili ya umri. Katika mfumo wetu wa taifa, mtoto hupitia elimu ya awali na kuanza darasa la kwanza mwezi Januari akiwa na miaka 6, na mtaala wa mwaka 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa ndiyo kazi kuu ya darasa la kwanza na la pili. Katika mfumo wa Uingereza, mwaka wa kwanza wa msingi huanza mwezi Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 5, na shule nyingi za kimataifa hapa nchini hufungua mwaka wao mwezi Agosti. Mzazi anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hugundua kwamba mwanawe anaombewa darasa lenye jina kubwa kuliko alivyotarajia, akashtuka na kukimbilia twisheni. Angeuliza kwanza tarehe ya mwisho ya umri inayotumiwa na shule, angeweza kuomba mtoto aingie darasa la chini yake, na pengine hilo ndilo linalomfaa aliyezaliwa karibu na tarehe hiyo.

Sasa nageukia shule. India ilipitisha mwaka 2009 sheria ya haki ya mtoto kupata elimu ya bure na ya lazima, ambayo kifungu chake cha 13 kinakataza shule kumchuja mtoto au mzazi wake wakati wa kuandikisha, na kuweka faini ya hadi rupia 25,000 kwa kosa la kwanza na rupia 50,000 kwa kila kosa linalofuata. Huko England, ambako ndiko mitaala mingi ya shule hizi ilikotoka, kanuni za uandikishaji zinazuia shule zinazogharamiwa na serikali kumfanyia usaili mtoto au mzazi, isipokuwa usaili wa kupima kama mtoto anafaa kuishi bwenini. Sisemi kwamba tuyachukue hayo yalivyo, kwa kuwa shule ya binafsi yenye nafasi chache ina haki ya kumfahamu mtoto kabla ya kumpokea, na kukutana naye kwa utulivu kunaweza kumfaa hata yeye. Ninachosema ni kwamba usiri unaouzunguka usaili ndio unaowanenepesha wauza majibu, na uwezo wa kuuondoa uko mikononi mwa shule zenyewe.

Naziomba shule zichapishe, pamoja na fomu ya maombi, maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili na kwa Kiingereza yanayoeleza mtoto atakaa na nani, kwa muda gani, atapewa vitu gani na ni mambo gani yatakayotazamwa. Katika kila chumba cha usaili awepo mwalimu anayekijua Kiswahili vizuri, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa lugha inayomjia, kisha iandikwe kwamba alijibu kwa lugha gani. Siku ya majibu, mzazi ambaye mwanawe hakupata nafasi apewe barua inayotaja yale ambayo mtoto alionekana kuyaweza na yale anayohitaji kusaidiwa, maana ada ya maombi aliyoilipa hairejeshwi, na barua ya mistari miwili inayosema nafasi zimejaa haimwelezi chochote juu ya mtoto wake. Kama shule kadhaa za jiji hili zitakubaliana kuanza utaratibu huo katika msimu ujao wa maombi, niko tayari, pamoja na walimu wenzangu wa awali waliostaafu, kusaidia kuandika maelezo hayo ya Kiswahili bila malipo.

Mwalimu mstaafu wa madarasa ya awali,
Kinondoni, Dar es Salaam