Mkojo wa mjamzito uoteshwe kabla ya dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa maabara tunakutana nalo kila wiki, na ambalo kwa maoni yangu wapanga sera za afya ya uzazi hapa Tanzania hawajalipa uzito wake: wajawazito wanatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kila mtu huyaita UTI, bila yeyote kujua ni bakteria gani anayetibiwa na kama dawa iliyoandikwa bado inamuua.

Mama anafika kliniki akilalamika maumivu chini ya kitovu na kukojoa mara kwa mara, dalili ambazo ujauzito wenyewe huzileta. Anapewa kikopo na kuelekezwa chooni, bila kuambiwa ajisafishe kwanza kwa maji, aache mkojo wa mwanzo upite, kisha akinge wa katikati. Kijiti cha kupimia mkojo kinachovywa, kinaonyesha seli nyeupe za damu, zinazochukuliwa kuwa ishara ya maambukizi, naye anaondoka na amoksilini au, kama ilivyo desturi siku hizi, anaanzishiwa sindano za seftriaksoni. Seli hizo mara nyingi zimetoka ukeni pamoja na ute wa kawaida wa ujauzito. Kijiti hichohicho kikisoma hasi kwenye alama ya naitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi wa mkojo huitengeneza, hakimhakikishii mtu chochote, kwa kuwa wapo bakteria, kama enterokoka na streptokoka wa kundi B, ambao hawatengenezi naitraiti kabisa. Matokeo yake tunawamezesha dawa wasioumwa na kuwarudisha nyumbani baadhi ya wanaoumwa. (Ilivyo sasa, mgonjwa kutoka zahanati bila kuambiwa ana UTI au taifodi ni bahati.)

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito iko wazi: kipimo kinachopendekezwa cha kutambua bakteria kwenye mkojo wa mama asiye na dalili ni kuotesha mkojo, yaani kuupaka kwenye jeli ya maabara ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, na pale ambapo haiwezekani, mkojo upakwe kwenye kioo, utiwe rangi ya Gramu inayowafanya bakteria waonekane na kusomwa kwa darubini, badala ya kutegemea kijiti. Kinachofanya hao wasio na dalili watafutwe ni kwamba homoni za ujauzito hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, mji wa mimba nao unaikandamiza, mkojo unatuama, na bakteria waliokuwa wametulia kibofuni wanapata njia ya kupanda juu. Wasipotibiwa, hadi wanawake 30 katika kila 100 wenye bakteria hao wanaweza kupata maambukizi ya figo, yaani homa kali, kutetemeka, maumivu ya ubavu, uchungu kabla ya wakati, na wengine bakteria kuingia kwenye damu.

Kuhusu mimba kuharibika, ambayo wengi huihusisha na UTI, tuseme ukweli wote. Nusu au zaidi ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hutokana na kasoro za kromosomu ambazo hakuna dawa ingezizuia, na ni ukatili kumwambia mwanamke aliyepoteza mimba ya wiki nane kwamba kosa ni UTI aliyoipuuza. Sura hubadilika kadiri mimba inavyokua. Katika miezi ya kati, bakteria wanaopanda kutoka ukeni hadi kwenye utando unaomzunguka mtoto ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za kupoteza mimba, na mama aliyezidiwa na homa ya maambukizi mazito anaweza kuipoteza hata kama chanzo ni figo. Kaswende nayo inaua watoto tumboni, ingawa hiyo angalau bado inasalimu amri kwa sindano ya benzathini penisilini. Bakteria wa mkojo hawakutufanyia hisani hiyo.

Ningependa msomaji aione sahani moja tunayoisoma asubuhi. Tumepaka bakteria wa E. koli, ambaye ndiye msababishi mkuu wa maambukizi haya, juu ya jeli, kisha tumepanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kuizunguka. Kwenye ampisilini, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi, na kwenye kotrimoksazoli ni vilevile. Seftriaksoni, ambayo huko nje inachukuliwa kuwa dawa ya mwisho ya kila kitu, nayo imezingirwa, kwa sababu bakteria hao wanatengeneza kimeng'enya kinachoivunja. Duara zuri limebaki kwenye nitrofurantoini, kidonge cha bei nafuu ambacho mama huyo hakuandikiwa.

Kwa mgonjwa mwingine usugu wa namna hiyo ni usumbufu. Kwa mjamzito ni mlango kufungwa, kwa maana orodha yake ilikuwa fupi tangu mwanzo. Siprofloksasini na doksisaiklini tunamwepusha nazo, kotrimoksazoli haifai katika miezi ya mwanzo kwa sababu inapingana na foliki asidi, jentamaisini inatumika kwa tahadhari kwa ajili ya masikio ya mtoto, na hata nitrofurantoini huachwa mama anapokaribia kujifungua. Ukiondoa penisilini na sefalosporini zilizoshindwa, kinachobaki mara nyingi ni meropenemu ya mshipani, inayomtaka alazwe na kutoa fedha ambazo familia nyingi hazina.

Simaanishi kwamba antibayotiki zinyimwe wenye kuzihitaji. Mama mwenye homa na maumivu ya ubavu aanzishiwe dawa saa hiyohiyo, ila mkojo wake uchukuliwe kwanza. Ninachopinga ni kutoa dawa ili wote wawili, mtoa huduma na mgonjwa, waondoke wameridhika. Yapo mazoea mengi ya aina hiyo yanayostahili kuhojiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wanawake 3,412 wa Malawi, Pakistani, Tanzania na Uganda waliosafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, ulilinganisha waliopewa doksisaiklini na metronidazoli kabla ya kusafishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Maambukizi ya nyonga yalikuwa asilimia 4.1 kwa kundi la kwanza na 5.3 kwa la pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha faida. Wapo watakaosema tofauti hiyo ndogo bado ina maana, nami siwabezi. Lakini walau swali liliulizwa na kupimwa.

Serikali inao mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa wa mwaka 2023 hadi 2028, na kampeni ya “Holela-Holela Itakukosti” imewafikia wananchi wengi. Hata hivyo, kumlaumu mwananchi anayenunua dozi nusu duka la dawa muhimu ni rahisi kuliko kuangalia mezani kwetu. Naiomba Wizara ya Afya iweke kipimo cha kuotesha mkojo katika hudhurio la kwanza la kliniki, bila malipo, kwa kuanzia kwenye hospitali za mikoa na rufaa ambazo tayari zina maabara za kuotesha vimelea, na vituo vya jirani vipewe chupa safi, boksi la baridi na ratiba ya pikipiki, maana mkojo uliokaa mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto letu hausomeki kwa uhakika. Majibu hutoka siku ya pili au ya tatu, na mama anayeishi mbali hawezi kulipa nauli nyingine kuyafuata. Namba yake ya simu iandikwe kwenye fomu ya maabara, na awepo muuguzi wa kliniki aliyekabidhiwa rasmi kazi ya kumpigia.

Wako,
Mtaalamu wa maabara,
Mwanza